Mifugo ya Chupani

Mtu yeyote aliyehamia Lodwar miaka ile kutoka kwingine aliulizwa swali moja kabla hajafungua begi. Mimi niliulizwa na mama aliyekuwa akituletea maziwa katika kibuyu, asubuhi yangu ya kwanza kwenye nyumba za walimu.

"Mwalimu, wewe iko na nini nyumbani?"

Nilimwambia nina shahada ya sayansi. Alingoja. Nikaongeza kwamba nina vitabu, redio, na baiskeli iliyokuwa bado Kitale ikisubiri lori. Akaendelea kungoja, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kukohoa.

"Ng'ombe? Mbuzi? Hata punda hakuna?"

"Sina."

"Pole," akasema, na siku hiyo akanijazia kikombe mpaka ukingoni.

Sikuipenda pole ile. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nairobi nikiwa na mashaka kuhusu kila kitu: mitihani, mahubiri, hotuba za maafisa, na dawa ya meno. Sikuwa nimewahi kushuku kwamba mimi ni maskini. Kwetu Kakamega mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja, lakini haikunijia akilini kumtaja, maana ng'ombe yule alikuwa wa mama na hatukuwa tukisalimiana. Kila asubuhi mama wa maziwa aliendelea kunijazia kikombe kuliko alivyowajazia wengine. Nilikunywa, lakini kwa kinyongo.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikuwa Mturkana wa Kakuma, tulisoma pamoja chuoni, na ndiye aliyenishawishi kuomba kazi Lodwar kwa kuniambia kwamba kuna mto. Mto upo. Maji yake huja yakipenda.

Rafiki yangu huyu alitaka kuoa. Msichana alikuwa wa Kakuma pia, mwalimu wa shule ya msingi, na yeye hakuwa na pingamizi. Aliyekuwa na pingamizi ni baba yake, na hata yeye hakumkataa kijana mwenyewe. Alichotilia shaka ni marafiki zake. Kwa desturi ya huko, mwanamume anayetaka kuoa huzunguka kwa ndugu na marafiki akiomba wanyama wa mahari, na baba wa msichana huwatazama wale wanyama na kujua mkwe wake ana watu wa namna gani. Mifugo ya baba wa rafiki yangu ilikuwa imechukuliwa na wavamizi. Wajomba walikuwa wameahidi ngamia. Waliobaki walikuwa marafiki, na marafiki wake walikuwa sisi: mimi, na dresa wa hospitali, Mkamba wa Machakos aliyefunga vidonda vya wilaya nzima. Sote wawili tungeandamana naye Kakuma, na kila mmoja angeulizwa mbele ya wazee anachunga nini. Mmoja wetu akijibu kwamba hachungi, mzee angesema kijana hana watu, na habari ingeishia hapo. Tayari kulikuwa na mwanamume mwingine, mwenye punda wengi, aliyeanza kupita karibu na boma lile bila sababu.

Dresa alikuwa na ng'ombe kwao na aliwajua kwa rangi. Tatizo lilikuwa mimi.

"Nitanunua mbuzi," nikamwambia rafiki yangu.

"Lini?"

"Ijumaa."

"Mzee atakuuliza mama yake ni yupi. Nyanya yake ni yupi. Wakati wa ukame alinywa wapi. Mbuzi wa Ijumaa ana habari za Ijumaa tu."

"Nitadanganya."

"Wewe? Wewe umeshindwa hata kumwambia hedimasta kwamba chai yake ni nzuri."

Hilo lilikuwa kweli. Chai ya hedimasta ilikuwa na ladha ya mafuta ya taa, na nilikuwa nimemweleza kwa nini.

Tulikuwa tunakula ugali na samaki mkavu wa Kerio. Mimi nikitatizwa na jambo huanza kuuliza maana ya maneno, tabia ambayo imenipotezea marafiki kadhaa. Nikamuuliza mfugo ni nini hasa.

"Ni mnyama anayekufanya uhame," akasema. "Anayekula kabla wewe hujala. Akifa, watu wanakuja kukupa pole."

"Kwa hivyo si lazima awe na pembe."

"Sikutaja pembe."

"Wala miguu minne."

Akaweka tonge chini. "Bwana, hii habari unaipeleka wapi?"

Wakati huo msafara wa sisimizi ulikuwa unateremka ukutani kuelekea kwenye samaki. Akaunyoshea kidole. "Basi fuga hao. Halafu uende ukamweleze mzee."

Alisema hivyo ili ninyamaze. Alikuwa amekaa nami chuoni miaka yote ile, na alipaswa kujua kwamba singenyamaza.

Maabara ya shule ilikuwa na sanduku la vyombo vya kioo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifungua, kwa sababu maabara haikuwa na maji. Nilichukua chupa moja kubwa yenye mdomo mpana, nikaiweka mezani, na kwa wiki kadhaa chupa ile ikakaa tupu huku tukibishana nani aingie.

Wale wa ukutani, wadogo wa rangi ya kahawia, niliwakataa mwenyewe. Wanakuja bila kuitwa na kuondoka bila kuaga, na sukari yangu walikuwa wakiila tangu nilipohamia. "Hao huwezi kuwafuga," rafiki yangu alikubali. "Hao ndio wanaokufuga wewe."

Dresa alipendekeza siafu. Alikuwa amesikia kwamba kwetu Kakamega wapo wengi na wanaheshimiwa. Nilimweleza kwamba siafu hawakai mahali, wanahama usiku na mchana, na kwamba wakikuta kuku amefungwa wanaacha manyoya. Akasema hiyo ya kuhamahama si kasoro mbele ya Waturkana. Nikamuuliza atakayekaa na chupa ya siafu ndani ya basi kutoka Kakamega ni nani. Akarudi kwenye vidonda vyake.

Kisha kulikuwa na sungusungu, wale weusi wakubwa wenye harufu mbaya, ambao hutoka kwa mstari, huvamia kichuguu, na kurudi kila mmoja akiwa na mchwa mdomoni. Hao nilivutiwa nao sana. Wana nidhamu kuliko kidato cha tatu. Lakini hawali kitu kingine ila mchwa, kwa hivyo ningelazimika kufuga mchwa ili wavamiwe. Rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka niende kwa mzee ambaye naye aliwahi kuporwa ngamia," akasema, "nikiwa na rafiki anayefuga wavamizi."

Nikawaacha sungusungu.

Mchwa wenyewe ndio waliotuchelewesha zaidi. Rafiki yangu aliwapenda kwa sababu kwetu tunawala wakiota mabawa, na kwake mnyama anayeliwa hahitaji utetezi mwingine. Mimi nilimwambia kwamba kisayansi mchwa si jamaa wa sisimizi hata kidogo. Jamaa zake ni mende.

"Mzee hatauliza jamaa zao."

"Umesema atauliza mama na nyanya."

"Mende usiwataje," akasema.

Mchwa walijiondoa wenyewe. Walikula rafu yangu ya vitabu kutoka ndani, kimya kimya, mpaka siku moja nilipoweka kamusi juu na vyote vikashuka. Sikuwa tayari kumlisha mtu aliyekuwa ameshajilisha.

Wale tuliowachagua tuliwaona jioni moja tukitembea upande wa mto Turkwel. Walikuwa sisimizi weusi wenye vichwa vikubwa, na njia yao ilikuwa imechimbika mchangani kama njia ya mbuzi, nyembamba na safi. Kila aliyerudi alibeba mbegu ya nyasi. Mlangoni mwa shimo kulikuwa na rundo la makapi waliyoyatupa nje. Dresa, aliyekuwa nasi, alisema shemeji yake hapepeti vizuri hivyo. Rafiki yangu alichuchumaa akaangalia kwa muda mrefu, mikono ikining'inia magotini, jinsi watu wa kwao wanavyowatazama wanyama wa mtu mwingine.

"Hawa wana boma," akasema.

Kuchagua ilikuwa kazi rahisi; ngumu ilikuwa kuwapata. Ukichimba shimo na kuwatia chupani bila malkia, watafanya kazi kama kawaida kisha watakufa mmoja mmoja. Malkia wa zamani yuko chini sana, na Lodwar ardhi ya chini ni ngumu kama mkate wa shule. Njia nyingine ni kungoja mvua, maana malkia wachanga huruka baada ya mvua, hupandwa huko angani, huanguka, hujing'oa mabawa na kutafuta pa kujichimbia. Kwa hiyo nilingoja mvua Lodwar. Watu waliponiona nikitazama mawingu walidhani nimekata tamaa ya kazi.

Mvua ilinyesha alasiri moja katikati ya somo. Darasa zima lilitoka nje kucheza, nami nikatoka nikiwa nimeinama. Nilimwokota malkia karibu na choo cha walimu, akiwa ameshang'oa mabawa matatu na la nne likimsumbua. Papasi yake moja ya kichwani ilikuwa imepinda, na kwa alama hiyo nilimjua mpaka mwisho. Nilimtia katika mrija wa kioo wenye maji nyuma ya kizibo cha pamba. Pamba ilikuwa ya hospitali. Dresa aliitoa bila kuuliza, akasema tu kwamba ameona ikitumika vibaya zaidi.

Kisha hakuna kilichotokea kwa muda mrefu. Malkia hali. Anakaa gizani na mayai yake, na watoto wa kwanza anawalisha kutoka mwilini mwake. Niliufunga mrija kwa kitambaa chenye unyevu na kuuweka kando ya mtungi, mahali pekee penye ubaridi katika nyumba ile ya bati, ambapo ndipo kitanda changu kilipokuwa. Kitanda nikakihamishia upande wa jua. Watoto wa kwanza walipotoka, wadogo na wa rangi ya chai, niliwahamishia kwenye chupa kubwa yenye mchanga. Unga wa mahindi waliukataa. Walitaka mbegu za nyasi, kwa hivyo kila jioni kabla ya kupika nilikwenda mtoni kuokota mbegu. Likizo ya Agosti sikwenda nyumbani. Mama aliwaambia watu kwamba nimepata mwanamke.

Msichana wa Kakuma alipata habari. Alituma ujumbe kupitia dereva wa lori: "Mwambieni huyo mwalimu wa sayansi asije kufanya mzaha kwetu. Mimi ndiye nitakayebaki hapa kuchekwa."

Nilimwambia rafiki yangu kwamba si mzaha. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema sina hakika na jambo lolote, na yeye anajua hivyo. Hakupata usingizi mzuri wiki ile.

Tulikwenda Desemba, juu ya lori la mahindi, chupa ikiwa mapajani mwangu imefunikwa kwa shuka. Kwenye kizuizi askari alipanda kutazama mizigo. Akainua shuka.

"Hii nini?"

"Mifugo," akajibu dresa, aliyekuwa amechoshwa na jua.

Askari aliangalia chupa, akatuangalia sisi. "Wana ugonjwa wowote?"

"Hapana."

"Haya. Endeni."

Kakuma wakati huo ilikuwa barabara, maduka machache, misheni, na mchanga. Wazee walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta wa ghala la chakula, kila mmoja juu ya kigoda chake kidogo ambacho hakiachi popote na ndicho anacholalia usiku. Baba wa msichana alikuwa mwembamba, nywele zimepakwa udongo na kuchomekwa unyoya mmoja. Tulisalimiana. Ejok, ejok, kwa kila mmoja, bila haraka. Mwenye punda wengi alikuwa amesimama kando, amejifanya anatazama barabara. Wanawake walikaa upande wao, na msichana alikuwa kati yao, akinitazama mimi kuliko alivyomtazama mchumba wake.

Dresa aliulizwa kwanza. Alieleza ng'ombe wake, yule mwekundu, yule mwenye doa la paji, na mama zao. Rafiki yangu akatafsiri. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Kisha mimi. Nikatoa shuka.

Wazee walicheka. Mwenye punda alicheka zaidi na kusogea karibu. Baba wa msichana hakucheka. Aliichukua chupa, akaigeuza polepole kuelekea mwangani, akasema kitu.

"Anauliza kama wanakujua," rafiki yangu akasema.

Niliona machoni mwake jibu alilotaka. Desturi inataka mnyama amjue mwenyewe. Niliona pia uso wa msichana. Nikajaribu. Nilijaribu kwa dhati, lakini nilikuwa nimewachunguza tangu mvua na sikuwa nimeona dalili hata moja.

"Hapana," nikasema.

Jibu langu lilikuwa neno moja. Tafsiri ya rafiki yangu ilikuwa ndefu, yenye ishara za mikono, na mahali fulani katikati yake aligusa moyo wake. Mzee alingoja amalize. Kumbe ujanani aliwahi kuwa askari wa kabila, wale wa serikali ya mkoloni.

"Nimesikia," akasema kwa Kiswahili. "Amesema hapana."

Hakuna aliyecheka tena. Rafiki yangu aliangalia mchanga.

"Wewe unawajua hao?" mzee akaniuliza.

"Ninamjua mmoja. Yule mkubwa, aliyepinda papasi."

"Mama yake?"

"Mama yake simjui. Aliruka akaanguka. Lakini hawa wengine wote, mama yao ni huyo."

"Wote?"

"Wote."

Akawafasiria wazee, na wakaegemea mbele. Nadhani hakuna aliyewahi kuja pale akiweza kuonyesha mama wa kila mnyama wake kwa kidole kimoja. Akaniuliza walizaliwa wapi, nikamweleza kuhusu choo cha walimu. Akauliza walikunywa wapi, nikamweleza pamba na mtungi. Nilimweleza wanavyokataa unga, wanavyoshuka chini ya mchanga saa za joto, wanavyotupa makapi yote kona moja. Nilijisikia nikisema maneno kama ya dresa, kwa sauti ileile ya dresa, na sikuweza kunyamaza.

"Na baba yao?"

"Alikufa siku ya harusi."

Mzee akatafsiri. Wazee walicheka sana, na mmoja akampiga rafiki yangu begani kwa huruma.

Mama wa msichana alikuwa amekuja kutazama. Alipoona mbegu ndani ya chupa alisema maneno machache tu na kugusa kioo. Rafiki yangu alinieleza kwa sauti ya chini. Mwaka mmoja mbaya, mbuzi walipokwisha, mama huyu alichimba mashimo ya sisimizi wa namna hii, akachekecha mchanga, na kuwapikia watoto mbegu alizozipata. Msichana mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto hao.

Mzee akarudisha chupa mikononi mwangu. "Vizuri," akasema. "Hii ni mifugo. Ninaiomba."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekithibitisha. Miezi yote ile nilibishana kwamba hawa ni mifugo kama mingine, na sikuuliza hata mara moja mifugo hufanyiwa nini mahali kama hapa. Huombwa. Rafiki wa mwoaji anayeonyesha wanyama wake na kuwanyima si rafiki. Ningeweza kusema kwamba ni wadudu tu, na ingekuwa kweli, na rafiki yangu angerudi Lodwar bila mke.

Nilimwangalia malkia. Alikuwa anafanya anachofanya siku zote, yaani si kitu kikubwa.

"Wanataka mbegu kabla ya jua kuzama," nikasema. "Na wasikae juani."

"Toa kwanza," akasema rafiki yangu kwa Kiingereza, bila kusogeza midomo.

Nikatoa.

Mzee alitembea mpaka kwenye boma lake, sote tukimfuata, akachuchumaa penye kivuli cha ua wa miiba, mahali maji ya kunyweshea wana-mbuzi humwagika. Alichimba kwa ncha ya fimbo, akainamisha chupa, akawatoa wote polepole pamoja na mchanga wao. Nilimwambia kwamba huenda wakafa. Akasema mifugo haikai chupani. Chupa yenyewe alimpa mkewe, ambaye alifurahi nayo. Nilikuwa nimeisaini kwa hedimasta.

Msichana alisimama karibu nami tukiwatazama wakiingia chini.

"Nilidhani utaleta mbuzi," akasema, "kama watu wengine."

"Nilishauriwa vibaya."

"Na nani?"

"Na mume wako."

Walioana mvua zilizofuata. Mwenye punda alioa Lokichoggio, na nasikia yuko sawa.

Tangu hapo kila nikifika Kakuma, kabla ya chai, mzee hunipeleka kwenye ua wa miiba. Kuna shimo pale, na njia nyembamba, na rundo la makapi mlangoni. Yeye husema ni wale. Mimi humweleza kwamba Kakuma yote imejaa mashimo ya namna ile, kwamba malkia akihamishwa hivyo mara nyingi hufa, na kwamba sina ushahidi. Hunisikiliza, kisha tunaendelea kutazama. Ua wa miiba umepindishwa upande huo kulizunguka shimo ili mbuzi wasikanyage.

Mara ya pili aliniambia kwamba sasa na mimi ninaweza kuomba. Nilirudi Lodwar na mbuzi jike mwenye masikio meusi, ambaye mama yake nilionyeshwa, na nyanya yake nikasimuliwa. Kesho yake mama wa maziwa alimkuta amefungwa mlangoni. Alimzunguka, akamshika mdomo, akatazama meno.

"Ya wapi?"

"Kakuma. Kwa mkwe wa jirani."

"Moja tu?"

"Moja."

Akakubali kwa kichwa, akachukua kikombe changu, na akanipimia maziwa kama anavyowapimia watu wote.